Herufi zenye ukungu kwenye skrini: nishushe rezolusheni au nirekebishe fonti?

MamaTasnifu aliuliza:

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaendesha steshenari ndogo hapa Morogoro, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchapa na kupanga ripoti na tasnifu za wanafunzi, kwa hiyo siku nyingi ninakuwa mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi hadi giza linapoingia. Mwezi uliopita nilinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, mojawapo ya zile zinazotolewa maofisini Ulaya zikaletwa huku, pamoja na monita mbili. Ya kwanza ni pana, ya inchi 21.5, na nyuma yake imeandikwa kuwa ina pikseli, yaani vijinukta vya picha, 1920 kwa 1080. Ya pili ni ya inchi 19, yenye umbo linalokaribia mraba, pikseli 1280 kwa 1024, nami nimeizungusha ikasimama wima ili niuone ukurasa mzima wa A4 bila kuusogeza. Ile pana inatumia kebo ya VGA iliyokuja nayo; hii ndogo inatumia kebo ya DVI iliyopitia kiunganishi kifupi kwenye tundu la DisplayPort. Mfumo ni Windows 10.

Shida yangu ni herufi. Nilipoiwasha mara ya kwanza, maandishi kwenye monita pana yalikuwa madogo mno, nikaingia kwenye mipangilio ya skrini nikashusha rezolusheni, yaani idadi ya pikseli zinazotumwa, hadi 1280 kwa 720. Herufi zikakua, lakini zikawa kama zilizoandikwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi iliyolowa. Nikirudisha 1920 kwa 1080 zinakuwa ndogo tena, na bado nikitazama kwa makini naona kila herufi ina kivuli chembamba upande wa kulia. Kwenye monita iliyosimama wima hakuna kivuli, ila kingo za herufi zina rangi rangi, wekundu huku na ubuluu kule, hasa ndani ya kivinjari. Zaidi ya hayo, nilipojaribu kuongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 kwenye ile monita pana, programu yangu ya zamani ya kutunzia hesabu za duka iliingia ukungu hali madirisha mengine yakiwa safi, nikarudisha asilimia 100 upesi.

Naomba kuelekezwa. Nishushe rezolusheni na kuvumilia ukungu, nibadilishe fonti, au ninunue monita nyingine? Na je, nikigusa mipangilio hii, kurasa za wanafunzi zitahama wakati wa kuchapisha? Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu tasnifu ya kurasa 90 ikisogea hata mistari miwili, orodha ya yaliyomo yote inakuwa ya uongo.

Nukta alijibu:

Pole kwa macho, dada. Umeleta shida moja, lakini ndani yake mna magonjwa matatu tofauti, na dawa ya ugonjwa mmoja haitibu mwingine. Ndiyo maana kila unapogusa kitu, kimoja kinapona na kingine kinaibuka.

Kabla ya kubadilisha chochote, fanya kipimo kimoja. Piga picha ya skrini wakati ukungu unaonekana, uihifadhi kama PNG wala si JPEG, kwa sababu JPEG huongeza uchafu wake yenyewe kandokando ya herufi. Kisha itume kwenye kompyuta nyingine au kwenye simu, uikuze hadi uone vijiraba vya pikseli. Picha ya skrini hutengenezwa ndani ya kompyuta kabla ya chochote kupita kwenye kebo na kabla ya monita kukigusa. Kwa hiyo kama herufi ndani ya picha ni safi ilhali macho yako yanaona ukungu, kosa liko nje: kwenye kebo, kwenye monita, au kwenye rezolusheni isiyolingana na monita. Kama picha yenyewe ina ukungu, kosa liko ndani ya Windows au ndani ya programu husika, na hata ukinunua monita ya bei mbaya kiasi gani ukungu utahamia nawe.

Sasa kuhusu 1280 kwa 720. Monita za chogo za zamani hazikuwa na pikseli za kudumu, hivyo ziliweza kupokea rezolusheni mbalimbali bila kulalamika sana. Monita bapa ni kitu kingine: kioo chake kina safu 1920 za pikseli zilizotengenezwa kiwandani, haziongezeki wala hazipungui. Ukiiambia kompyuta itume 1280 tu, monita hulazimika kuzitandaza juu ya 1920, yaani kila pikseli moja inapaswa kujaza pikseli moja na nusu. Chukua mguu wa herufi l ambao ulikuwa na unene wa pikseli moja. Nusu ya pikseli haiwezi kuwaka peke yake, kwa hiyo monita hupaka pikseli moja nyeusi na jirani yake kijivu. Zidisha hilo kwa kila mguu wa kila herufi kwenye ukurasa, na hiyo ndiyo karatasi yako iliyolowa.

Njia sahihi ni kuiacha monita kwenye 1920 kwa 1080 na kuongeza asilimia ya ukubwa, ile unayoikuta kwenye mipangilio hiyohiyo ya skrini, juu kidogo ya rezolusheni. Hesabu yake ni rahisi. Windows huhesabu inchi moja kuwa pikseli 96 ikiwa kwenye asilimia 100, na pointi 72 hufanya inchi moja, kwa hiyo herufi za pointi 12 huchorwa kwa urefu wa pikseli 16. Kwenye asilimia 125 huchorwa kwa pikseli 20, na kwenye 150 kwa pikseli 24. Ulipochagua 1280 kwa 720 ulipata ukubwa uleule wa asilimia 150, ila kwa herufi ya pikseli 16 iliyovutwa ikajaza nafasi ya 24, badala ya herufi iliyochorwa upya kwa pikseli 24 kamili. Umelipa bei ileile ukapewa kitu duni. Anza na 125, kisha utoke kwenye akaunti yako na kuingia tena, kwa sababu baadhi ya programu husoma kipimo hicho wakati wa kuingia tu.

Kuhusu kurasa kuhama, ondoa hofu. Ukurasa wa Word hupangwa kwa pointi na sentimita, na printa huchora herufi zake yenyewe kwa nukta zake, kwa kawaida 600 kwa inchi. Printa haijui skrini yako ina pikseli ngapi wala haina haja ya kujua. Kinachohamisha kurasa mara nyingi ni fonti kukosekana kwenye mashine, na hilo halihusiani na skrini.

Babu Miwani alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo na Nukta. Mimi nimetumia 1024 kwa 768 kwenye monita pana kwa miaka mingi, na macho yangu ya uzee yameridhika. Nilipojaribu hiyo asilimia 150, kuna programu moja ambayo kitufe cha kuhifadhi kilishuka chini ya ukingo wa dirisha nikashindwa kukifikia kabisa. Ukungu unazoeleka, kitufe kisichoonekana hakizoeleki.

Nukta alijibu:

Heshima yako, Babu. Suala la kitufe ni la kweli, na programu za zamani zilizoandikwa bila kufikiria ukubwa huu hufanya hivyo. Lakini naomba ufungue picha yoyote yenye duara, labda nembo au mhuri, uipime kwa rula juu ya kioo. Monita yako ni ya uwiano wa 16 kwa 9 na umeilisha picha ya 4 kwa 3; kama haijaacha mistari myeusi pembeni, basi duara lako ni yai.

Babu Miwani alijibu:

Nimepima. Ni yai.

Fundi Kebo alijibu:

Nimesoma yote nikashangaa kwamba hakuna aliyesimama kwenye neno VGA. Dada, kile kivuli cha upande wa kulia unachokiona hata ukiwa kwenye 1920 kwa 1080 hakitokani na fonti. VGA hupeleka picha kama mawimbi ya umeme, na monita hulazimika kukisia ni wapi pikseli moja inaishia na nyingine inaanzia. Kebo ikiwa nyembamba, ndefu au imechoka, sehemu ya mawimbi hurudi nyuma na kufika tena ikiwa imechelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko kivuli.

Ukitaka tiba ya haraka, fungua ukurasa mweupe uliojaa maandishi, uupanue ujaze skrini yote, kisha ubonyeze kitufe cha kujirekebisha kilichopo kwenye fremu ya monita, mara nyingi kimeandikwa Auto. Usibonyeze ukiwa na picha yenye kingo nyeusi, kwa sababu monita hutafuta mwisho wa picha kwa mwanga, na giza la pembeni litaidanganya. Tiba ya kudumu ni kuachana na VGA. Kompyuta nyingi za ofisi za aina hiyo huwa na matundu mawili ya DisplayPort, na umeshatumia moja tu. Geuza monita pana uangalie chini yake. Ikiwa ina tundu la DisplayPort, nunua kebo ya kawaida ya DisplayPort ukaiunganishe moja kwa moja. Ikiwa ina HDMI pekee, kebo inayotoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita hufanya kazi, lakini uangalie uelekeo: kebo ya bei rahisi iliyotengenezwa kutoka HDMI kwenda DisplayPort haibadiliki kwa sababu tu umeigeuza, na nimewaona watu wakirudisha monita nzima kwa muuzaji kwa kosa hilo.

Kwa faida ya wengine watakaopita hapa, kebo hiyohiyo ya VGA ina balaa lingine. Ofisi moja hapa Tanga iliniita kwa sababu skrini imekataa kuvuka 1024 kwa 768. Walikuwa wameshaweka Windows upya mara mbili na kubadilisha draiva ya kadi ya grafiki. Nilichomoa kebo nikahesabu pini. Plagi ya VGA ina safu tatu za pini tano tano, na pini ya 12 na ya 15, yaani ya pili na ya mwisho katika safu ya tatu, ndizo zinazobeba utambulisho wa monita, ule unaoitwa EDID: baiti 128 ambazo monita huiambia kompyuta jina lake na rezolusheni zake. Kebo ile haikuwa na pini ya 12. Kompyuta ilikuwa inazungumza na kiziwi, ikachagua rezolusheni ya tahadhari. Pini ya 9 ikikosekana usishtuke, kebo nyingi hazina. Nilibadilisha kebo, 1920 ikatokea kwenye orodha kabla sijaketi.

MamaTasnifu alijibu:

Asanteni sana. Nimefanya kipimo cha picha ya skrini mara tatu. Ile ya monita pana kwenye 1920 kwa 1080 ni safi kabisa, kivuli hakipo ndani ya picha, kwa hiyo Fundi Kebo amesema kweli. Ile ya programu ya hesabu kwenye asilimia 125 ina ukungu ndani ya picha yenyewe. Ya monita iliyosimama wima ina zile rangi ndani ya picha; nilipoikuza niliona vijiraba vya rangi ya chungwa upande mmoja wa kila mguu wa herufi na vya buluu upande wa pili. Lakini nilipotazama kwa kukuza picha ya monita pana, rangi zipo vilevile, ingawa kwa macho sizioni. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Nukta alijibu:

Hujachanganyikiwa, dada, umeona kitu ambacho wengi hawakioni. Rangi hizo zimewekwa makusudi. Kila pikseli ya monita yako ni vipande vitatu vyembamba vilivyosimama bega kwa bega: chekundu, kijani na buluu. Microsoft ilitangaza mwaka 1998 mbinu inayoitwa ClearType, ambayo huvitumia vipande hivyo kana kwamba kila kimoja ni nukta inayojitegemea. Kwa njia hiyo ukingo wa herufi unaweza kuishia theluthi moja ndani ya pikseli badala ya kungoja pikseli nzima. Kwenye picha iliyokuzwa unaona rangi; kwenye kioo, vipande vikiwa mahali vinapotarajiwa, jicho huona ukingo laini tu.

Wewe umeizungusha monita. Vipande vilivyokuwa bega kwa bega sasa vimelala kimoja juu ya kingine, lakini ClearType bado inahesabu kana kwamba viko kushoto na kulia. Rangi zilizokusudiwa kupotea zinabaki wazi. Fungua kisanduku cha utafutaji cha Windows, andika cttune, chombo cha kurekebisha ClearType, na ufuate kurasa zake. Itakagua kwanza kama kila monita iko kwenye rezolusheni yake ya kiwandani, kisha itakuonyesha sampuli za maandishi kwa kila monita peke yake. Kwenye iliyosimama wima, chagua kila mara sampuli yenye rangi kidogo zaidi hata kama inaonekana nyembamba. Haitaondoa rangi zote, maana haikuundwa kwa vipande vilivyolala. Word haitakusumbua sana, kwa sababu tangu toleo la 2013 hulainisha herufi zake kwa kijivu badala ya rangi. Kwa hiyo weka Word kwenye monita ya wima, na kivinjari kwenye ile pana.

Kuhusu programu ya hesabu, hiyo ni ya zamani na haijui kitu kinachoitwa asilimia 125. Windows huiacha ijichore kwa ukubwa wake wa zamani, kisha huivuta kama picha. Bofya kitufe cha kulia juu ya ikoni yake, ingia kwenye sifa zake, kisha kwenye kichupo cha upatanifu, ufungue mipangilio ya DPI (nukta kwa inchi) ya juu. Hapo utaweza kuamuru nani afanye ukuzaji. Ukiipa programu yenyewe, itakuwa safi lakini ndogo. Ukiupa mfumo ulioboreshwa, chaguo lililoletwa mwaka 2017, Windows hujaribu kuchora upya maandishi kwa ukubwa mpya. Kwa baadhi ya programu hufanya vizuri ajabu, kwa nyingine huvuruga majedwali, na huko ni kujaribu tu.

Kisauni wa Linux alijibu:

Nisingependa kuharibu mazungumzo ya Windows, lakini nina wazo ambalo halihitaji mpangilio wowote. Monita ya inchi 19 yenye 1280 kwa 1024 ina pikseli kama 86 kwa inchi, wakati ile pana ina kama 102. Ndiyo sababu herufi zilezile zinaonekana kubwa kwenye ile ndogo. Iache ile ndogo kwenye asilimia 100, uipe pana 125, na uhamishie programu ya hesabu kwenye ile ndogo. Kwa kuwa huko hakuna ukuzaji, Windows haitaivuta, na itakuwa safi kama ilivyozaliwa. Monita yako ikiwa wima ina upana wa pikseli 1024, na programu nyingi za enzi hizo ziliandikwa kwa skrini za 800 kwa 600 au 1024 kwa 768. Itaingia kama mkono kwenye glavu.

Kwa wanaotumia Linux kama mimi, suala la rangi kwenye monita ya wima ni jepesi zaidi, kwa kuwa tunachagua aina ya ulainishaji waziwazi. Kwenye GNOME, mojawapo ya mazingira ya eneo-kazi ya Linux, amri hizi mbili hutosha:

gsettings set org.gnome.desktop.interface font-antialiasing 'grayscale'
gsettings set org.gnome.desktop.interface font-hinting 'slight'

Ya kwanza huondoa rangi na kubakiza kijivu. Ya pili inahusu hinti, yaani maelekezo yanayoisogeza miguu ya herufi ikae sawasawa juu ya pikseli. Ukiiweka kwenye 'full', maandishi hukaza sana lakini umbo la fonti hubadilika, na mimi binafsi sipendi kuona fonti nzuri ikinyooshwa kama uzio. Kijivu kina gharama yake kwenye skrini ya pikseli 86 kwa inchi, herufi huwa laini kupita kiasi. Apple iliondoa ulainishaji wa rangi kwenye macOS ya mwaka 2018, na wenye skrini zenye pikseli nyingi hawakusumbuka, lakini waliokuwa na monita za kawaida walilalamika sana.

MamaTasnifu alijibu:

Narudi na taarifa. Monita pana ilikuwa na tundu la DisplayPort lililofunikwa kwa kifuniko cha plastiki, sikuwahi kulijua. Nimeweka kebo mpya, kivuli kimekwisha siku hiyohiyo. Iko kwenye 1920 kwa 1080 na asilimia 125. Programu ya hesabu nilijaribu kwanza ule mfumo ulioboreshwa, safu za bei zikapanda juu ya majina ya bidhaa, nikaondoa. Sasa iko kwenye monita ya wima pamoja na Word, na kweli upana wake umeenea pasipo kubaki hata unywele.

Rangi zimepungua baada ya cttune, hazijaisha. Nikifungua kivinjari kwenye monita ya wima bado naziona, basi sikifungui huko.

Kuhusu kurasa, sikuwa na moyo wa kuamini maneno matupu. Nilichapisha ukurasa wa 43 wa tasnifu moja kabla ya kubadilisha, nikauchapisha tena baada ya kubadilisha, nikaweka karatasi mbili moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha jua likiwa nje. Mistari yote ililaliana, hadi nukta ya mwisho.